Mashati Mawili

Julai. Ilomba. Umeme umekatika tangu magharibi,
Loleza amejifunika ukungu hadi kidevuni,
nami nasahihisha Historia ya Pili kwa taa ya simu,
vidole vikinuka wino mwekundu na viazi vya kuchoma.

Swali la tatu: Kwa nini Waingereza walimuua mfalme wao?
Toa sababu sita.
Arobaini na mmoja wameandika kodi, bunge, mabwanyenye,
kama nilivyowakaririsha.
Sekela peke yake ameanza hivi:
"Kwanza, meza."

Meza, naam.
Meza ya Bwana: ikae katikati ya watu, kama ya kulia ugali,
au isukumwe ukutani mashariki, izungushiwe uzio
kama shamba la parachichi la tajiri?
Kwa hilo majirani wa mtaa mmoja
waliacha kuazimana chumvi.
London ilikuwa moshi wa makaa, na matope, na wachapaji
waliofyatua vijikaratasi usiku, asubuhi vikasomwa sokoni;
wanagenzi wenye njaa wakajaa barabarani
wakipiga kelele, "Hatutaki maaskofu!"
Nimefundisha haya miaka kumi na minne
bila kuinua macho dirishani.

Maana dirishani kwangu kuna kanisa lenye makufuli matatu:
la askofu, la wazee, na la mahakama.
Vijana wa bodaboda wa Mwanjelwa walipewa elfu mbili mbili
na lita moja ya mafuta, waje kuimba pambio wasilolijua.
Vijikaratasi vyetu huingia kwa simu, usiku vilevile.
Na ugomvi wenyewe, ukiuchimba hadi mzizi,
ni meza: nani aketi, nani ahesabu sadaka juu yake.

Wafalme sisi hatukuwakata shingo.
Babu mzaa mama, mwene wa vilima viwili Usafwani,
aliletewa barua yenye muhuri.
Akaishika kichwa chini miguu juu, akaitazama sana,
akaichomeka darini kwenye mahindi,
kesho yake akaendelea na kesi ya mbuzi.
Watu nao wakaendelea kuja.
Panya ndio walioimaliza ile barua.

Lakini baba.
Baba, Andongwisye, mzee wa kanisa miaka thelathini na mmoja,
Jumapili ile walipomwita mbele avuliwe uzee,
aliamka saa kumi na moja, umande umeganda juu ya kabichi,
akamwambia mama: Nipe shati lingine juu ya hili.
Lile la mtumba, la michirizi. Nisije nikatetemeka
wakasema naogopa.

Miaka sita baadaye, katika kitabu kisicho na jalada,
nikamkuta mfalme yule, Januari, barafu mtoni,
naye anaomba mashati mawili,
kwa sababu ileile.
Nikafunga kitabu. Nikaenda kumenya viazi.

Baba alikomea darasa la nne. Hakupata kumsikia huyo,
na angemsikia asingempenda:
mtu asemaye hawajibiki kwa yeyote ila Mungu!
Baba aliwajibika hata kwa kuku.
Ila baridi ni baridi, na shingo ni shingo.

Na aliyekata kufuli la kwanza kwa msumeno wa chuma
ni Mzee Mwashiuya, fundi wa mageti, wa Sae.
Babu yake Sekela.
Hapa kila mmoja anajua, hakuna anayesema;
tunauziana nyanya tukizitazama nyanya.

Sababu ya pili, sawa. Ya tatu, ya nne, sawa.
Ya tano, tahajia mbaya.
Kwenye ya sita ameandika, akafuta, akaandika tena,
akafuta hadi karatasi ikatoboka,
kisha pembeni, kwa herufi ndogo:
"Mwalimu, hii siijui. Nyumbani nikiuliza
wanaongeza sauti ya redio."

Simu imebaki asilimia nne.
Nimeishika kalamu juu ya kitundu kile,
na kupitia kitundu, ubao wa meza.