Uchungu wa Pakanga

Fukusi hana haja ya mlango. Ufunguo huu wa mti,
mrefu kama mkono wangu, meno yake manne,
umewazuia wezi wa mabonde matatu ya Atlasi.
Yeye alizaliwa ndani ya punje.

Weka sikio kwenye shayiri, Tuda aliniambia.
Nikaweka. Gunia lilikuwa linatafuna.

Mwaka juzi nilinunua vidonge sokoni,
vya kijivu, katika kopo lisilo na maandishi.
Muuzaji alisema, "Usivinuse."
Hakusema usilale karibu navyo.
Fukusi walikufa wote, kweli, wakawa vumbi.
Na mtoto wa Moha, aliyejilaza ghalani na paka wetu,
alibebwa na punda hadi barabarani.
Paka hakuamka.
Mtoto alirudi baada ya siku kumi na moja,
lakini hakimbii tena na mbuzi. Anatembea nyuma yao.
Moha hajanitamkia neno baya. Hunisalimu yeye kwanza.
Salamu hiyo ndiyo inayonila.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu;
changu ki ghalani, na ufunguo ninao mimi.

Ndipo Tuda alipopanda mlimani na mundu,
akashuka amebeba pakanga hata uso hauonekani,
kichaka kinachotembea, kinachokohoa.
Akaazima mtungi wa shaba wa Izza mkunga,
ule wa kukamulia maji ya waridi,
akachochea moto wa mizizi ya mlozi usiku kucha.
Mzigo mzima wa punda:
chupa ya dawa ya kikohozi, nayo haijajaa.

Nikacheka. Na hilo nalisema pia.

Alidondosha matone kwenye vigae vya chungu kilichovunjika,
akavizika gunia kwa gunia, kama mtu anayeficha pesa.
Siku ya tatu wakaanza kutoka,
wakipanda ukuta polepole, wamelewa,
wengine chali, miguu ikihesabu kitu hewani.
Si wote. Siwezi kusema wote.
Na harufu haikai: kila baada ya wiki tatu, vigae tena,
mlima tena, kuni tena, mgongo wa Tuda tena.
Na mkate una uchungu kidogo, pembeni mwa ulimi.

Leo mtoto wa Moha alikuja kuchukua shayiri ya baba yake.
Nilitaka kumzuia mlangoni.
Akaingia, akavuta pumzi ndefu,
yangu nikaishikilia,
akapiga chafya,
akauliza kama kuna mkate.