Kiraka

Zabroni wa chuma chakavu alikuja kwanza,
mizani ya ndoano begani.
Hakuuliza jina. Alilinyanyua jiko upande mmoja, akaguna:
"Kilo mia na sabini, ukitoa majivu.
Nikupe laki na nusu, mama, nibebe leo hii,
kabla mvua haijaharibu njia ya Lupembe."
Nikamwambia mvua huku haiharibu njia,
mvua huku ndiyo njia.

Juma lililofuata akaja Bwana Kikoti kutoka Iringa,
na kurunzi, mswaki uliochakaa,
na sumaku ndogo yenye uzi.
Huyu alipiga magoti.
Aligonga mlango wa tanuri kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, kama abishaye hodi kwa mgonjwa.
"Chuma cha kusubu. Hakipindi hiki. Kikikataa, huvunjika."
Akasugua masizi. Herufi zikatoka moja moja:
N, kisha pengo, kisha R na G,
na ua la petali saba ambalo mimi,
miaka arobaini nikipika hapa,
nilidhani ni kutu.

Nyuma ya mabamba akakuta alama za tindo,
mstari mmoja, miwili, hadi kumi na mmoja.
"Lilikuja vipande vipande. Kila kipande na kichwa chake."
Alimaanisha vichwa vya watu.
Tukanyamaza kidogo.

Kisha akafika ubavuni.
Sumaku ilinata pale kama kwingine;
mkono wake ndio uliosita.
"Nani kafanya hivi?"

Baba mkwe, Lupyana, mhunzi.
Mwaka ule wa baridi iliyounguza chai
wifi Edina alimwaga maji ya kisima jiko likiwa jekundu,
likapasuka kwa mlio wa bunduki.
Mzee akachukua jembe lake,
akalipasha, akalipinda, akalitoboa,
akalipigilia kwa ribiti tano,
na msimu ule akalima kwa jembe la kuazima.

"Lingekuwa zima, milioni nne," Kikoti akaandika.
"Kwa kiraka hiki, moja na nusu. Pole."
Na jembe, nikamuuliza, umelipigia bei gani?
Akaitazama karatasi, akitafuta safu yake.

Nikawasha kuni za mwati. Akanywa chai vikombe viwili,
akawahi gari la saa tisa.

Sumaku aliisahau.
Iko kwenye kiraka, imebana risiti ya majani ya Machi,
ukingo umeungua.
Moto ukiwa mkali huteleza kidogo,
kisha hushika.