Kisanduku cha Tatu

Swali la kumi na nne. *Baba yako:*
kisanduku cha kwanza, *yu hai*,
kisanduku cha pili, *amefariki*.
Weka alama ya vema panapohusika.

Godlisten wa steshenari, pale chini ya stendi ya Moshi,
kidole chake kimeganda juu ya kipanya.
"Dada, chagua. Kuna watu nyuma yako."
Nikageuka. Kweli, foleni hadi kwenye kreti za soda,
kila mmoja na bahasha yake ya kaki
na baba yake ndani ya bahasha.

Akiwa hai, nilete saini na namba ya kitambulisho.
Akiwa amekufa, nilete cheti, kiwe kimehakikiwa.
Wangu hakuniachia saini wala kifo.
Aliaga Jumanne moja ya masika, akielekea Mirerani,
tochi kichwani mchana kweupe,
akasema jiwe likitoka atarudi na bati jekundu.
Nilikuwa darasa la pili.
Bati ni lile lile.

Tukapanda hadi kwa mwenyekiti, Kidia.
Bwana Urassa akatoa mhuri kwenye droo,
akauhemea kama anayepoza uji.
"Niandike *hajulikani alipo*?"
Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefumbua kinywa,
akasema: "Anajulikana.
Ninamjua mimi, anamjua mama yake,
linamjua duka la Kessy linalomdai sukari.
Andika yupo.
Andika yupo, ila hayupo."
Mwenyekiti akaitazama karatasi muda mrefu.
Nafasi ilikuwa ya mistari miwili; akaandika mpaka pembeni,
herufi zikapanda ukingoni
kama migomba yetu inavyopanda korongo.
Mhuri ukaangukia juu ya neno *ila*.

Ada ya kuhakiki, ya kiapo, ya maombi yenyewe:
mama alizihesabu kwa ndizi.
Cheti changu, mikungu miwili ya mshare.
Wakili, mmoja na chane tatu,
naye hata kiti hakutukaribisha.
Namba ya malipo ilipoingia kwenye simu
aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja,
kama anayetafuta ukurasa wa wimbo kanisani.

Mdhamini je? Nikataja wajomba. Akasema, "Mimi."
Picha ndogo, nyuma yake bluu:
akaazima kwa Eliaichi blauzi yenye kola.
Juu kola, chini khanga,
na ndala zenye tope la mfereji ambalo picha haikuliona.
"Usinune, mama," alisema mpiga picha.
Hakuwa amenuna. Ndivyo alivyo akitazamwa.

Tukiteremka akaniuliza:
"Nikifa, hilo deni linanifuata?"
Nikasema linabaki na mimi.
"Basi sawa. Kaburi la kudaiwa silitaki."
Zilitoka picha nne. Moja ikabandikwa kwenye fomu,
tatu akazichomeka ndani ya Biblia.
"Siku yangu msihangaike kutafuta ya kuweka msalabani."
Akacheka.
Hapo ndipo alipocheka, nikatamani
yule mpiga picha awe angali nasi.

Hii ni wiki ya sita.
Kila jioni anauliza, "Wamesemaje?"
Nafungua simu: *Maombi yako yanachakatwa.*

Neno hilo analijua.
Mashine ya kuchakatia kahawa ipo uani,
baba aliifunga mwenyewe kwenye gogo,
mpini umelegea, tunaubana kwa kitambaa.
"Kahawa tunachakata asubuhi," anasema,
"tunailoweka siku mbili,
ya tatu imeshaoshwa, iko juani.
Wewe hao watu wamekuloweka wapi?"

Sina jibu.
Nainamia beseni, nakunja mikono ya sweta,
natoa zinazoelea.