Saa Kumi na Mbili

Bwana Hilali wa ofisi ya utumishi aliposema
"mwisho wako saa kumi na mbili,"
nilitazama dirishani, nikadhani anataja magharibi.
Kumbe ni kwa wiki. Kumbe ni dari.
Ya kumi na tatu ikiingia, akasema,
nitageuka mtu wa kudumu:
bima, likizo, kiinua mgongo,
jina langu mlangoni.
Akacheka kidogo, bila ubaya,
kama mtu anayefunga dirisha vumbi lisiingie.

Nyumbani tulifunzwa haba na haba hujaza kibaba.
Hapa kibaba kimetobolewa
palepale pa kujaa.

Basi Jumapili na Jumanne niko Nizwa, uhasibu wa mwanzo,
vijana thelathini na wanane,
kiyoyozi kinatema maji kwenye ndoo ya rangi.
Jumatatu na Jumatano, Ibra:
chuo kingine, dari nyingine, kumi na mbili nyingine.
Zijumlishe. Hata Azzani wa mstari wa nyuma ataziweza.
Lakini kwenye karatasi zao hazikutani kamwe.
Mimi nusu huku, nusu kule,
na nusu zangu mbili hazijazaa mzima.

Barabara haihesabiwi.
Madaftari ya mtihani nimeyafunga mkanda kiti cha nyuma
kama watoto waliolala.
Nasahihisha kituo cha mafuta, chai ya karaki juu ya boneti,
na boneti yenyewe ingekaanga yai.
Kusahihisha hakuhesabiwi.
Wala Ghaniya, anayeniandikia saa tano usiku:
*Mwalimu, mizania yangu imekataa kulingana.*
Imezidi riali tatu, mwanangu. Tazama deni uliloliita mali.
(Nami mwenyewe, ningejitazama wapi?)

Ijumaa nakwenda Birkat al-Mauz kwa shangazi Shinuna.
Alipofika kutoka Wete hakuwa na kitu ila cherehani,
akashona, akashona, akanunua mnadani nusu saa ya maji.
Nusu saa ya falaji hapa wanaiita athari.
Nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza:
kwetu athari ni kile kinachobaki baada ya jambo kupita.
Ya shangazi imeandikwa daftarini.
Inarithiwa. Inawekwa rahani. Inakodishwa.
Zamu yake ikifika, hata saa tisa za usiku,
mtu anaondoa kizibo cha matambara na jiwe,
na maji yanaijua njia ya mitende yake.
Hata akifa yataijua.

Nikamwambia, shangazi, mimi wananipa saa,
lakini mfereji ni wao, na jiwe ni lao.
Akaendelea kuchambua tende.
"Miaka mingapi sasa?"
Sita.
"Na kila mwaka wanakuita upya?"
Wakitaka.
Akanisogezea sahani, sikuwa na njaa, nikala.

Juni mkataba uliisha siku ya matokeo.
Julai kimya.
Agosti nilipita chuoni kuchukua kalamu zangu;
kadi ikalia mlio ule mfupi, taa nyekundu.
Mlinzi Bahadur alinitazama, akatazama kadi,
akanifungulia kwa mkono wake.
Yeye naye ni wa kampuni, naye mkataba wake wa miezi.
Hatukusema neno. Ningesema nini, ahsante ya mlango?

Leo ratiba imebandikwa.
Uhasibu wa mwanzo, Jumapili, saa mbili asubuhi,
chumba kilekile cha ndoo.
Mwalimu: *atatangazwa.*

Simu imetetema. Ni Ghaniya, yuko mwaka wa pili sasa,
mdogo wake ndiye anaanza.
*Mwalimu, huyu Atatangazwa ni wewe?*

Sijamjibu.
Nimekaa na kikokotoo, napiga mafuta ya Ibra,
napiga kodi, napiga tena,
na nje, kwenye minara, saa kumi na mbili imefika,
ile nyingine, isiyo na ofisi.