Ncha Mbili

Majani aliyoyabeba kutoka kwao yalizuiliwa uwanja wa ndege.
Afisa wa kilimo aliyachambua kwa kalamu, jani kwa jani,
akauliza kama yana wadudu,
kisha akayatia kwenye pipa.
Ndivyo alivyoingia Kibokoni mamake Kekoa,
Bi Puanani wa visiwa vya Hawaii:
mikono mitupu,
na harufu ya majani bado imo viganjani.

Mimi nilikuwa mkekani na sinia la asmini.
Saa kumi alasiri. Vitumba vimefumba,
maana asmini huchumwa ingali na siri,
iliyokwisha kucheka haifai sindano.
Vikuba arubaini vimeagizwa,
na koja la Salha, na mkadi wa kulazwa shukani.

Alipiga magoti. Akakishika kitumba kimoja,
akanusa, akanyamaza,
akalitaja jina lake kwa lugha yao.
"Asema ni lile lile, somo," Salha akanifasiria.
"Kwao pia biarusi huvikwa hili."
Nikamtazama upya.
Bahari zote zile, na ua moja!
Nikamsogezea sindano.
Alinishinda wepesi, wallahi, na neno hilo
sijawahi kumwambia mwanamke yeyote wa mji huu.

Kwenye mkadi ndipo aliposita.
Kwao, mti wa ukoo huo
jina lake lina maana ya kupita, ya kwenda zako.
Nikautoa, nikauweka dirishani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
lakini niliununua mia mbili, na uliniuma kidogo.

Kisha tukatafuta badala ya majani ya bwana harusi.
Mrihani, basi. Uani kwa Bi Barke uko
unaonyweshwa mabaki ya maji ya udhu
tangu marehemu mumewe angali hai.
Bi Puanani akayasokota matawi yakawa kamba nene,
ndefu, ya kumshuka kijana shingoni hadi magotini,
na alipofika mwisho akaziacha ncha.

Mkono wangu ukaenda wenyewe.
Miaka thelathini na mitano nafunga fundo la mwisho,
naukata uzi kwa meno.
Akanishika kifundo cha mkono.
Si kwa nguvu.
"Asema lisifungwe," akasema Salha,
"kilichofungwa kimekwisha.
Na mwenye mimba hawamvishi kabisa la duara,
kitovu kisije kumzunguka mtoto shingoni."

Sikuinua mato.
Salha hajui. Alikuwa hajazaliwa.
Kifungua mimba wangu tulimwekea jina Muhidini,
akaja amejivika koja lake mwenyewe,
na mkunga akaomba taa isogezwe, kisha akaomba iondolewe.
Chumba kilinukia asmini,
ya kikuba nilichojipachika asubuhi ile.

Sisi twasema kufunga.
Kufunga ndoa, kufunga mzigo, kufunga safari,
kufunga mlango, kufunga mdomo.
Nimefunga vyote hivyo
na sikuwahi kuuliza.

Baada ya nikaha kijana alitoka msikitini
na joho la kuazimwa, kilemba kimepinda,
mrihani ukining'inia wazi pande mbili.
Mzee mmoja akanong'ona: "Hawakuwahi kulimaliza."
Alipoingia ndani kumpa Salha mkono
ncha zote mbili zilimwangukia biarusi mapajani,
na yeye, badala ya kuinamisha uso kama nilivyomfunza,
akaziokota, moja huku, moja huku,
akazishika kama mtu aliyekabidhiwa kamba ya ndoo kisimani.
Wanawake wakapiga vigelegele.
Mimi nilichelewa kidogo.

Jana mteja alinirudishia koja.
"Bi, umesahau fundo."
Nikalitazama. Kweli.
Nikamfungia, maana pesa yake ni halali.
Uzi uliobaki sikuukata.