Blanketi la Chui

Mwezi wa tisa umeingia Katuba, na jua
limeacha adabu yake ya Julai,
ya kuchungulia kidogo halafu kwenda zake.
Leo limekaa.

Nimetoa mazulia ya mpira, nimeyapiga ukutani:
vumbi jekundu, lile la malori ya madini,
limetoka kwa shingo upande
kama mpangaji mwenye deni.
Chini ya viti: maganda ya karanga, kitufe cha koti,
noti ya foranki mia tano iliyokunjwa
hadi ikawa kidonge,
soksi moja ya mtoto nisiyemjua.
Watu hupanda na baridi yao, hushuka, huiacha.

Numbi anachota kisimani, dumu la nne sasa;
bomba la mtaa lina wiki mbili halijakohoa.

Pembeni mwa mlango pana kibandiko cha Kijapani.
Miaka sita sijapata wa kunisomea.
Labda kinasema: mafuta yabadilishwe.
Labda kinasema lilikotoka gari hili
barabara humwagiwa chumvi, theluji ikianguka,
na ndiyo maana tumbo lake lina kutu
ambayo si ya kwetu.
Naisugua hata hivyo. Kutu haina nchi.

Nafungua boneti. Maji ya rejeta
yana rangi ya chai iliyolala.
Namwaga, natia mapya, maana Oktoba haisamehe:
mwaka jana gari la Kyalwe lilichemka njia panda,
abiria wakashuka na nauli yao mfukoni,
mmoja akamwachia pole.
Mpira wa kufutia kioo umekauka
kama bukari la juzi. Huo utangoja pesa.
Mvua nayo ingoje.

Sasa, hili blanketi.

Baridi iliposhuka mwezi wa saba
tulikuwa na mablanketi matatu na vitanda vitatu,
hesabu nzuri, hadi betri ilipozimia.
Asubuhi tatu mfululizo majirani walisukuma,
taulo kichwani, wakinitukana kwa upole.
Jioni ya nne niliingia chumba cha watoto,
nikavuta blanketi la Mujinga, lile la chui,
nikatoka nalo, nikalifunika gari,
nikachomeka pindo chini ya boneti
kama unavyomchomekea mtoto.

Gari ndilo linalotulisha, nilimwambia mama yao.
Hakujibu. Alimleta Mujinga kwetu,
akamlaza katikati, na yale magoti yake
yakawa yananigusa mgongo usiku baada ya usiku,
baridi, madogo,
kama mtu anayebisha hodi
asitake kufunguliwa.

Na gari liliwaka. Hilo lazima niliseme.
Saa kumi na moja alfajiri, ufunguo mara moja, likaitika.
Tulikula Julai yote. Tulikula Agosti.

Nimelifua mara mbili kwa sabuni ya unga,
mara ya tatu kwa sabuni ya kipande.
Chui amerudi, madoa yake yote,
na moja la kwangu, la oili, juu ya jicho la kushoto.
Nimelianika kwenye waya. Kabla ya saa sita limekauka.
Joto lina haraka ya kutusaidia
tukiwa hatuna shida tena.

Mujinga ametoka shule, ameliona,
ametia uso wake wote ndani.
"Linanuka wewe," kasema.
Sikujua kama nimeshtakiwa.
Nikashika kitambaa, nikaanza kupangusa taa
ambayo nilikwisha kuipangusa.

Halafu akauliza, akiwa bado ndani ya chui:
"Na gari sasa litalala na nini?"

Nikamwambia joto limefika.
Nikamwambia halitahitaji.
Alilitazama, limeng'aa, linadondosha maji,
maua ya mjakaranda mawili yamekwisha kuliangukia,
akaenda akaligusa ubavuni kwa kiganja,
vile mama yake anavyompima homa,
akangoja.