Kilo Tisini

Novemba, Kuopio. Saa tisa alasiri na giza limeshashuka.
Dukani, kati ya majiko ya sauna
yaliyopangana kama ng'ombe wasiokamuliwa,
niliketi na daftari la wateja la miaka kumi na miwili
na akili mnemba iliyoniuliza, kwa adabu ya mgeni wa siku ya kwanza,
unataka tujenge nini?

Nina miaka hamsini na minne. Nimeuza majiko kwa simu,
kwa maonyesho ya Juni, kwa kahawa na maandazi ya iliki.
Msimbo ulikuwa mambo ya mpwa wangu wa Oulu,
anayekula chakula cha jioni huku akitazama mapajani.

Nikaandika kama ninavyomwandikia fundi bomba:
mtafute kila aliyenunua jiko zaidi ya miaka saba iliyopita,
muulize hali ya mawe yake,
mpe bei, mpe picha,
mpe kitufe cha kusema ndiyo.

Ikaanza kufuma.
Palipotokea kosa jekundu nililinakili, nikairudishia
bila kulielewa, kama mtoto anayempelekea mama kidole chenye mwiba.
Ikaung'oa. Ikaomba radhi. Ikaendelea.
Mara ya tatu ikawaita wateja wote Bwana,
hata Sirkka-Liisa, hata kanisa la Kilutheri la Leppävirta.
Tukarekebisha. Vikombe viwili vya kahawa vikapoa.

Saa nne na robo usiku nilikuwa na kitu
ambacho kampuni moja ya Helsinki iliwahi kunitajia bei yake
nikacheka mpaka nikakohoa.
Mwisho wa barua niliongeza maneno yangu mwenyewe, matatu tu:
Tunaleta wiki hii.
Nikabonyeza, nikazima taa, nikalala kama tajiri.

Asubuhi: ndiyo arobaini na moja.

Nilizihesabu nimesimama, koti bado mwilini.
Kisha nikamwita Tenho kutoka ghalani.
Tenho ndiye idara yetu ya usafirishaji:
gari moja, mkokoteni mmoja, mgongo mmoja
uliopasuliwa wakati wa Pasaka.
Akaisoma orodha hadi chini, akaigeuza karatasi
kutazama kama kuna nyingine kwa nyuma. Ilikuwepo.
"Jiko moja na mawe yake," akasema, "kilo tisini.
Hiyo yako inajua kunyanyua?"

Nikarudi kwenye kompyuta, ambako siku hizi nina ujasiri,
nikaomba ratiba. Dakika moja na nusu:
ramani, rangi, njia fupi za kuzunguka maziwa yote,
kila nyumba na saa yake, kila kitu
isipokuwa mtu wa pili wa kushika upande wa kushoto.

Jumamosi nikavaa buti za marehemu baba.
Nyumba ya kwanza ngazi kumi na moja, saba zina barafu.
Tenho mbele, mimi nyuma,
jiko katikati likinikodolea jicho lake la kioo,
na Sirkka-Liisa mwenyewe juu mlangoni, taa mkononi,
akisema kulia kila alipotaka kusema kushoto.
Ngazi ya sita ndipo nilipoelewa maana ya "wiki hii".
Nililielewa kwa magoti.

Tulimaliza nyumba tatu.

Usiku, vidole bado vimekunjika kama vimeshika kitu,
sikuiagiza mashine. Niliitafuta mwenyewe ile sentensi,
katikati ya mabano na alama nisizozijua majina,
nikaikuta imetulia, haina habari.
Nikaifuta herufi kwa herufi. Nikaandika:
Tunaleta kwa zamu. Tutapiga simu kwanza.

Nilibonyeza nikiwa nimefumba jicho moja.
Hakikuvunjika kitu.

Jumatatu nimekuta glovu juu ya meza yangu,
za kazi, saizi ndogo, bado zina bei.
Tenho yuko nje, anakwangua kioo cha gari.
Zimebaki thelathini na nane.